Zamu ya Kulipakata Gombo

Watu wachache walikuwa na gombo moja tu la Torati. Walikuwa Wayahudi, wakulima wa viazi kwenye nyanda za baridi, na gombo hilo, lililoandikwa kwa mkono juu ya ngozi na kuvikwa kitambaa cha mahameli, lilikuwa na thamani kwao kuliko mashamba yao yote. Kwa desturi yao gombo haligusi ardhi. Likianguka, kila aliyeliona likianguka hufunga siku nzima, hali wala hanywi, mpaka jua litue.

Mwaka mmoja ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka waliandaa mkutano wa vijana, nao hawakuwa na gombo la kusoma siku ya Sabato. Wazee wakaamua kuwaazima lao. Wakawatuma viongozi wanne wa vijana, kila mmoja kutoka kijiji chake, watu waliojuana kwa sura kuliko kwa moyo. Hezroni ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Naftali alishika usukani. Sipora alikuwa mtu wa mzaha. Wa nne alikuwa Ketura, ambaye aliwafundisha watoto vizuri lakini mbele ya wenzake ulimi wake ulikuwa mzito.

Waliondoka Jumatano asubuhi. Buti la gari lilijaa magunia ya viazi, zawadi kwa wenyeji, na haikufaa neno la Mungu lilale juu ya viazi. Wakakubaliana kulipakata kwa zamu: kila wakifika mji, lipokewe na mwingine. Ketura akaanza, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuketi.

Walipofika mji wa kwanza, Sipora alikuwa akimsimanga Naftali kwamba anaendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni, na gari zima lilikuwa likicheka. Ketura alilegeza mikono, akamtazama Sipora ili ampokee. Sipora aliona. Akasema wamwache Ketura, ameshalizoea kama mwanawe. Wakacheka tena. Ketura naye akacheka, akakaza mikono.

Mji wa pili ulimkuta Hezroni amelala, kinywa wazi. Mji wa tatu hakuna aliyekumbuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na tuseme kweli yote: Ketura hakuomba kupokewa, kwa haya, na pia kwa kiburi kidogo, maana ilimpendeza kwamba yeye peke yake ndiye aliyeweza. Lakini aliyelea anajua. Mtoto aliyelala mapajani ni mzito kuliko aliye macho, na mkono hufa ganzi kabla mwenye mkono hajajua.

Saa nane mchana, kwenye kilima kisicho na nyumba, gurudumu likapasuka. Gurudumu la akiba lilikuwa chini ya viazi. Watatu wakazunguka nyuma ya gari na kuanza kushusha magunia. Ketura alifungua mlango wake ili ashuke. Miguu haikumjibu. Akayumba, mikono ikalegea, gombo likateleza na kuanguka kando ya barabara, na kishikio chake cha mti kikagonga mawe.

Hakuna aliyegeuka. Gunia lilikuwa limetupwa chini wakati uleule, likaumeza mshindo.

Ketura aliliokota, akalibusu. Vumbi lilikuwa dogo, la kupanguswa kwa kiganja. Akawaza wazee waliomwamini, na watoto ambao pengine hatapewa tena kuwafundisha. Akinyamaza, atakayejua ni Mungu peke yake. Kisha akaona kwamba huyo ndiye hasa ambaye neno lake lilikuwa mikononi mwake, lenye vumbi.

Akaenda nyuma ya gari, akawaambia kwamba limeanguka.

Hezroni aliuliza vipi, akauliza tena, akasema ni aibu, akasema wazee wataambiwa nini. Naftali, jeki mkononi, akakumbusha desturi kwa sauti ya chini: anayefunga ni aliyeona, nao walikuwa wamegeuza migongo. Hakusema kwa ubaya. Lakini wote wakaelewa. Kesho wenyeji watatandika chakula, na mmoja kati ya wanne atakaa bila kula, na kila mtu atajua ni mikono ya nani.

Sipora akashusha gunia alilobeba. Hakuwa akicheka.

"Halikuanguka hapa, Hezroni," akasema. "Lilianza kuanguka kule mji wa kwanza, nilipofanya mzaha badala ya kunyoosha mikono. Kuanguka huko nilikuona. Wewe ulikuwa wapi?"

Lori likapita, likawafunika vumbi wote wanne pamoja. Vumbi lilipotua, Hezroni alikuwa bado amesimama palepale. Alipangusa viganja vyake kwenye suruali, akaenda mbele ya Ketura, akanyoosha mikono.

Kutoka hapo walipokezana. Hezroni alilipakata kutoka mji mmoja hadi mwingine, na nusu ya njia ya kwenda mji uliofuata, jasho likimtoka, na hakutaka kupokewa mpaka alipoambiwa kwamba zamu si yake peke yake. Hata Naftali alisimamisha gari, akampa Sipora usukani, ili naye aonje uzito ule. Ketura alipolala, kichwa chake kiliangukia bega la Hezroni, na Hezroni hakusogea.

Alhamisi wenyeji walipika wali na kuku wawili, wakaita wageni. Wageni wote wanne waliketi penye chakula na hawakunawa mikono. Mama mwenye nyumba, aliyeijua desturi, alishtuka. Akamgeukia Hezroni, kwa kuwa ndiye mkubwa, akamuuliza ni nani aliyeliangusha gombo.

Ketura akainamisha kichwa, akangoja jina lake.

"Ni sisi, mama," akajibu Hezroni.

Ketura akainua kichwa.

Basi wewe uliyeketi ukicheka na wenzako, na safari inakwenda vizuri: mzigo ulio mapajani mwa jirani yako tangu asubuhi, je, ni zamu ya nani?