Kitufe Nyuma ya Mgeni Rasmi

Sogeeni, na aliye mbali aje karibu, maana kisa hiki mwanzo wake ni wangu lakini mwisho wake nitawaachia ninyi. Hakina sungura wala jini. Kina wanawake watatu wenye vipawa, na wa nne aliyekuwa na hofu tu.

Wa kwanza ni Sikudhani, fundi wa umeme wa jua. Kipawa chake ni kwamba haogopi kwenda juu. Paa, mnara, mnazi, kwake ni sawa na ua wa nyumba yake. Watu wa kwao Namtumbuka humtania kwamba akipewa ngazi ndefu atapanda kuliuliza jua kwa nini limechelewa.

Wa pili ni Tumu, muuguzi wa kituo cha afya cha hapo hapo Namtumbuka. Kipawa chake ni kichwa kisichosahau na vidole vyepesi. Mtajie jina la babu yako leo, na mwakani ukilisahau wewe, yeye atakukumbusha.

Wa tatu ni Tusajigwe. Huyu wenzake hawakuwa wamewahi kumwona, maana alifanya kazi mjini, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa nami nina watoto wa kulea. Kipawa chake ni kuandika yale maandishi yanayoiendesha tovuti, mpaka ukibonyeza hapa, kitu kikatokea pale.

Na mwenye hofu ni Bi Asumini, mama yake Arafa.

Siku hiyo, saa tano asubuhi, Arafa alijifungua mtoto wa kike pale kituoni. Bi Asumini alipiga kigelegele kimoja. Cha pili hakikutoka. Aliona damu. Damu ya uzazi yeye anaijua, amezaa sita. Hii haikuwa ile. Ilikuja tu, na midomo ya Arafa ikaanza kugeuka rangi ya unga wa muhogo. Miaka mingi nyuma Bi Asumini alimshika mkono dada yake akiwa na midomo ya rangi hiyo hiyo, na dada hakuiona adhuhuri. Aliogopa mpaka akasahau kumtazama mjukuu wake.

Daktari alifanya aliloweza, damu ikaacha kutoka. Kisha akamvuta Bi Asumini pembeni.

"Iliyotoka ni nyingi, mama. Anahitaji chupa tatu, na friji letu halina hata moja. Zikifika kabla ya saa tisa, nina matumaini. Zikichelewa, sina la kukuahidi."

Damu ilikuwepo mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari. Zamani daktari angeandika kikaratasi, dereva akaenda, akarudi nazo. Lakini mwezi ule ilikuwa imezinduliwa tovuti ya damu, na kikaratasi kikapigwa marufuku. Sasa unajaza fomu kwenye kompyuta, tovuti inakupa namba, na friji la mjini linafunguka kwa namba hiyo tu. Bila namba, hata aliyelinunua halifungui.

Simu ya kuongea ilishika, daktari akampigia mtunza damu.

"Daktari, chupa nazitazama hapa kwenye kioo," yule mtu akasema. "Gari liko tayari, dereva yumo ndani. Lakini siwezi kuzitoa. Nipeni namba."

Ndipo Bi Asumini aliposimama katikati ya ukumbi, mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye mabenchi. "Nyote ni mashahidi," akasema. "Atakayempatia mwanangu damu, mjukuu huyu ataitwa jina lake. Naweka nadhiri mbele ya Mungu."

Msilione dogo jambo hilo. Kule kwao, mtu na somo wake, yaani yule aliyepewa jina lake, ni kama mama na mwana. Somo ndiye anayekuletea khanga yako ya kwanza, ndiye anayeulizwa posa ikija, na akizeeka wewe ndiye unayemchotea maji. Asiye na binti, kupata somo ni kupata binti. Na jina halikatwi vipande kama muhogo.

Sikudhani alikuwepo kituoni akibadilisha betri. Aliisikia nadhiri, naye hana mtoto. Akajua pia jambo ambalo kila mtu wa Namtumbuka analijua: intaneti ya pale haikai chini, inakaa juu ya tangi la maji. Akawasha simu yake igawe mtandao kwa kompyuta ndogo ya kituo, akaibana simu kwa meno, akapanda ngazi ya chuma mpaka kileleni. Akaunyoosha mkono juu, simu kiganjani.

"Inafunguka!" Tumu akapiga kelele dirishani. "Usiushushe mkono!"

Bi Asumini alisimama mlangoni, maana hakujua akae wapi. Nyuma yake alilala Arafa, mbele yake aliwaona Tumu na kompyuta, na nje, juu ya tangi, mwanamke mmoja na mkono wake. Ndipo nyigu wakatoka. Walikuwa wamejenga chini ya kifuniko cha tangi, na bila shaka hawakufurahia mgeni.

"Sikudhani, wako wangapi?" Bi Asumini akalia.

"Sikuja kuwahesabu! Jazeni fomu!"

Wakamuuma shingo, wakamuuma mdomo. Mmoja akamuuma jicho la kushoto, na ukelele wake ukasikika mpaka sokoni. Mkono haukushuka. Ulikaa juu muda wa saa nzima kasoro dakika chache.

Tumu naye aliketi mbele ya kompyuta. Ukurasa wa kwanza ulifunguka polepole, kwa sababu ulibeba picha kubwa za wageni kumi na wanane wa uzinduzi, kuanzia mgeni rasmi mpaka aliyeshika sahani ya mkasi. Kila mmoja aliteremka taratibu, kwanza nywele, halafu paji la uso, halafu tai.

"Hawa ni nani?" Bi Asumini akauliza.

"Wageni wa uzinduzi, mama."

"Na damu iko wapi?"

"Chini yao."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Iliuliza kijiji, kata, jina la mjumbe, kazi ya mume, na kama mgonjwa aliwahi kwenda shule. Tumu alifika ukurasa wa tisa, maandishi mekundu yakatokea: Muda wako umekwisha, anza upya. Fomu nzima ikarudi tupu. Dakika kumi tu walikuwa wamepewa, na hakuna aliyewaambia. Akaanza upya. Safari ya pili ilimwambia: Kuna kosa. Kosa gani, ukurasa upi, haikusema. Ya tatu nayo: Kuna kosa. Nyuma ya pazia Arafa aliomba maji kwa sauti ambayo Bi Asumini hakuitambua kuwa ni ya mwanawe.

Tumu akafumba macho, akazipitia kurasa zote kichwani. Akaligundua. Tovuti ilitaka namba ya kitambulisho cha mgonjwa, na Arafa alijiandikisha mwaka juzi, kitambulisho hakijatoka mpaka leo. Kisanduku kile hakikukubali kuachwa kitupu. Mara ya nne Tumu akaandika namba yake mwenyewe.

"Tumu, huo ni uongo," daktari akanong'ona. "Utapoteza leseni."

"Najua." Vidole havikusimama. Hakutazama karatasi hata moja. Kila jibu lilitoka kichwani. Kwa dakika sita alikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Paliandikwa: Bonyeza kitufe cha TUMA hapa chini. Hapo chini hapakuwa na kitufe. Palikuwa na mgeni rasmi, anatabasamu.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Bi Asumini alijaribu kusali na maneno yakamkimbia. Lililobaki mdomoni lilikuwa jina la mwanawe tu.

Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na namba ya simu ya msaada, kwa herufi ndogo. Tumu aliiona mara moja tu, na mara moja kwake inatosha. Akapiga. Akapokea Tusajigwe, yule yule aliyeiandika tovuti.

"Kitufe hakipo!" Tumu akasema.

"Kipo. Kiko nyuma ya picha. Kwenye kioo kikubwa kinaonekana. Kwenye kompyuta ndogo, picha inakifunika."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nimweleze binti huyu kwa haki, maana hayupo hapa kujitetea. Mkuu wake aliagiza viongozi waonekane kila ukurasa, na wasipunguzwe hata sentimita. Tusajigwe alimwambia mara moja kwamba watafunika kitufe. Mkuu akakunja uso. Tusajigwe akaogopa, akanyamaza, akaandika alivyoagizwa. Kisha akatia saini kwamba hatagusa kitu chochote bila kibali cha maandishi. Na saa hiyo mkuu alikuwa mkutanoni, simu imezimwa.

"Mmebakiwa na dakika ngapi?" akauliza.

"Mbili."

Bi Asumini akainyakua simu. "Mgonjwa ni mwanangu," akasema. "Anaitwa Arafa. Binti yangu, sikujui, nakuomba, waondoe hao watu!"

Kule mjini Tusajigwe alisikia pumzi ya mama huyo sikioni mwake. Alikuwa na mkopo wa nyumba na mdogo wake chuoni, na alijua kwamba kila badiliko huandikwa na jina la aliyelifanya. "Msiguse kitu," akasema. "Picha hujivuta upya zenyewe kila dakika. Zikikosekana huku, na huko zitakosekana." Akawafuta wote kumi na wanane.

Mgeni rasmi akatoweka. Mahali pake kikatokea kitufe cha kijani, kidogo kama kucha. Tumu akabonyeza, namba ikatoka, daktari akaisoma kwenye simu kwa sauti, na mjini friji likafunguka.

Gari lilifika saa nane na dakika arobaini. Bi Asumini aliketi chini kando ya kitanda akaitazama midomo ya mwanawe, hakuthubutu kuiacha kwa macho, mpaka rangi ikaanza kurudi. Magharibi Arafa akaomba uji. Hapo ndipo Bi Asumini alipolia.

Lakini kila mmoja alilipa. Jicho la kushoto la Sikudhani halioni tena, na fundi wa jicho moja hapati kazi za juu kama zamani. Tumu ameitwa mbele ya kamati, kwa sababu mashine inasema ni yeye aliyezaa siku ile na ni yeye aliyetiwa chupa tatu. Tusajigwe alifukuzwa kazi kesho yake asubuhi, na kabla ya adhuhuri wageni kumi na wanane walikuwa wamerudishwa mahali pao.

Siku arobaini zikatimia, na mtoto alikuwa bado anaitwa Mtoto. Bi Asumini alikuwa hapati usingizi mzuri. Nadhiri isiyotimizwa, aliambiwa tangu utotoni, humrudia mwenye nayo. Akatandika mkeka, majirani wakajaa, na wale watatu wakaketi mbele yake, Tusajigwe akiwa amesafiri siku mbili kutoka kwa wazazi wake, alikorudi baada ya kufukuzwa.

"Mimi sina haya," Sikudhani akaanza. "Nimekuja kuchukua somo wangu. Bila mkono wangu, fomu ingejazwa kwenye nini?"

"Na mkono wako ungekuwa juu mpaka leo kama si vidole vyangu," Tumu akasema. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Sikudhani, wewe nyigu walikushtukiza. Mimi nilijua ninachotia sahihi. Kwenye ile fomu, aliyelala pale kitandani ni mimi."

Wakamtazama Tusajigwe. "Mimi sidai," akasema, macho mkekani. "Kitufe nilikificha mwenyewe. Nimekuja kumwona mtoto tu."

Mshamu, mume wa Arafa, akaguna. "Amesema kweli. Mwizi akirudisha kuku, tumpe na mayai?"

"Nyamaza, Mshamu," Arafa akasema kutoka nyuma. Sauti ilikuwa bado nyembamba. "Hawa wawili walimsaidia mtu wanayemjua. Huyu hakunijua kwa sura wala kwa jina. Aliambiwa Arafa, akatupa kazi yake."

"Kama angeongea siku ile mkuu alipokunja uso," jirani mmoja akadakia, "Sikudhani angekuwa na macho mawili."

"Na wewe ungeongea?" akaulizwa.

Zogo likapanda. Bi Asumini aliwatazama mmoja mmoja: jicho lililofumba, vidole ambavyo huenda havitashika tena sindano ya kituo, na binti wa watu aliyeinamisha kichwa. Kwa kila aliyemtazama, alimwona Arafa akiwa hai, na kila alipofikiri kumwacha mmoja, alimwona Arafa na ile midomo ya unga wa muhogo. Hofu ile ya ukumbini ikamrudia, ikamkaa kifuani.

Mtoto akaamka. Bi Asumini akampakata, akamwinamia sikio la kulia, maana kwao jina husikiwa kwanza na mwenyewe. Wanawake watatu wakainua nyuso, hata yule aliyesema hadai.

Bi Asumini amekwisha fungua mdomo, nami namwacha hapo, kwa kuwa mimi sikuthubutu kumsemea. Haya, semeni ninyi mlionisikiliza. Mmoja alitoa jicho, mmoja alitoa jina lake, mmoja alitoa kazi yake kwa kosa lililokuwa lake. Ukimkosa mmoja, Arafa hayupo. Je, wewe ungemnong'oneza mtoto jina la nani? Na ukishainua kichwa, hao wawili waliobaki ungewatazamaje?