Fahali wa Ngiri na Dua ya Kobe

Kwa jina la Mola aliyeotesha nyasi kabla ya kumuumba mlaji, akaumba kiu kisha akaiteremshia mvua, tunaanza. Sifa zote ni zake, na rehema ziwafikie waja wema waliotutangulia. Hadithi hii asili yake ni mazizini. Walioihifadhi ni wakamaji na wachungaji, babu kwa bibi, wakipokezana asubuhi kwa asubuhi huku maziwa yakichuruzika kibuyuni. Aliyeizidisha, Mola amsamehe. Aliyeipunguza, Mola amkumbushe.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa zizi na miba yake. Pakawa fahali na nundu yake. Pakawa mwenye fahali na majivuno yake. Mkubwa na asikilize, mdogo na asikilize, na anayesinzia aguswe bega.

Hapo zamani za kale, zama ambazo wanyama wa mwituni walikuwa wafugaji, na ng'ombe walikuwa ng'ombe tu, hawasemi, kama hawa wa leo, alikuwako Ngiri mmoja jina lake Mwinyimvua. Alikuwa na shamba aliloachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu yake. Alikuwa na mke, Bi Rehani, mwenye maneno machache na macho mengi. Alikuwa na watoto tele, pua zote zimo matopeni. Na alikuwa na ng'ombe wa nyama, kundi zima, wanono, ngozi zao zikimeremeta kama samli.

Mbele ya kundi hilo alitembea fahali mmoja. Fahali gani huyo! Jina lake Tambo. Nundu yake kama kichuguu. Paja lake kama gogo la mvule. Akipita, ardhi husema tii. Akisimama, ardhi hushusha pumzi.

Tambo hakuwa mkubwa kwa bahati. Familia nzima ilimlea. Watoto walimkatia majani mabichi. Bi Rehani alimchanganyia pumba na mashudu, akaonja mwenyewe kwanza, kama mtu anayempikia mgeni. Mwinyimvua alimpeleka joshoni kuondolewa kupe, akamsugua mgongo, akamfundisha kusimama na kamba kichwani, miguu minne imepangwa, shingo juu, bila kutikisika. Asubuhi wakamlea. Jioni wakamlea. Mvua ikinyesha, wao walilowa, Tambo hakulowa.

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na desturi. Kila mwaka kiangazi kikikaribia, wafugaji wote walikutana uwanjani kwa maonyesho. Mwenye fahali mzito na mnono kuliko wote alipewa Bonde la Mtetema, bonde lenye chemchemi, lenye majani yasiyokauka, alishie ng'ombe wake mpaka mvua zirudi. Na waliobaki? Waliobaki waliwauzia Fisi ng'ombe zao palepale uwanjani, kabla hawajabaki mifupa.

Mwaka ule mvua zilikuwa bahili. Shambani kwa Mwinyimvua nyasi zilikwisha kuwa nyeupe kama ndevu za mzee. Jambo lilikuwa moja, nalo lilijulikana na kila aliyekuwamo nyumbani mle, hata mtoto wa mwisho. Tambo akishinda, kundi litaishi. Tambo akishindwa, kundi la babu litakwenda na Fisi, na zizi litabaki miba mitupu.

Mpinzani alikuwa jirani yao, Nyegere. Bwana huyu alikuwa mfupi, mkali, mwenye uso uliofungwa kama mlango wa ghala. Alikuwa na fahali aitwaye Chuma. Chuma naye hakuwa wa kudharauliwa. Mwinyimvua alikwenda kumchungulia kupitia uani, akarudi nyumbani, akaketi, hakula.

Mkewe akamuuliza ameona nini. Akajibu ameona fahali. Mkewe akamwambia kwamba hata nyumbani kwake yumo fahali, na anayemzidi yule. Mwinyimvua akatikisa kichwa. Hofu ikimwingia mfugaji, huona ng'ombe wa jirani kwa jicho la kukuza na wa kwake kwa jicho la kupunguza.

Hapo ndipo alipotokea Nguchiro.

Nguchiro alikuwa dalali. Hana ng'ombe, hana zizi, hana hata kamba, lakini katika kila ng'ombe anayeuzwa, yeye ana lake. Akaja mbio mbio, chapu chapu, akamzunguka Tambo mbele, akamzunguka nyuma, akaguna. Mwinyimvua akamuuliza anaguna nini.

"Mwinyi, fahali mzuri," akasema Nguchiro. "Ila tumbo lake lina adabu mno. Mizani haipendi adabu."

Kisha akamnong'oneza elimu yake. Alfajiri ya maonyesho, alisema, mlambishe fahali magadi, mengi, mpaka ulimi ukauke. Umnyime maji. Anywe upepo. Mkifika uwanjani, kabla tu ya kuingia, mpeleke birikani umwachie. Atakunywa birika na kivuli cha birika. Tumbo litatuna kama ngoma ya harusi, ngozi itanyooka, naye akipanda mizani, mizani italala.

Mwinyimvua akauliza, je, maji hayatatoka?

"Yatatoka," akasema Nguchiro, "lakini wewe utakuwa umekwisha shinda. Kwanza mizani, kisha ushindi, kisha dua. Ndivyo ilivyo kila mwaka."

Na hapo, wasikilizaji wangu, dalali alisema kweli. Kwa asili, dua ilikuwa ya kufungulia. Wazee wa zamani waliweka sharti kwamba Shehe Kobe aombe kwanza, na aisome nasaba ya ng'ombe, tangu ng'ombe aliyepanda safina ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, mpaka ng'ombe wa leo. Na wakati wa dua hakuna kutoka uwanjani. Atakayemtoa ng'ombe wake kabla ya amina, amejitoa. Lakini Shehe Kobe alikuwa akitembea kwa mwendo wake. Kila mwaka alifika fahali wamekwisha pimwa, na dua ya kufungulia ikawa ya kufungia. Watu wakazoea, wakasema hilo nalo ni heri.

Bi Rehani alipoona magadi mkononi mwa mumewe alfajiri, hakupiga kelele.

"Baba watoto," akasema, "fahali huyu amekamilika. Kilichojaa ukikiongeza, kinamwagika."

Mwinyimvua akamjibu kwamba mambo ya uwanjani yana wenyewe. Tambo akalamba. Akalamba tena. Akalamba mpaka pua ikapauka.

Wakashika njia, baba, mama, watoto, na kundi zima nyuma ya Tambo. Tii, tii, tii. Jua likapanda. Tambo akaona kijito, akavuta kamba. Mwinyimvua akavuta huku. Akaona dimbwi, akavuta kamba. Mwinyimvua akavuta huku. Akaona umande kwenye kisigino cha Bi Rehani, akakilamba.

Wakafika. Ah, uwanja ulivyopendeza! Pundamilia wamevaa vilivyo vyao, Nyani wameshika miti yote yenye kivuli, Fisi wanunuzi wamepanga safu upande wa nyuma, wametia adabu usoni na mate mdomoni. Katikati, mizani ya ubao: upande huu ng'ombe, upande ule magunia ya mawe. Kando yake alisimama mwamuzi, Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, maneno mafupi.

Nguchiro akakonyeza. Mwinyimvua akamfikisha Tambo birikani, akalegeza kamba.

Gulu. Gulu gulu. Gulu gulu gulu gulu.

Birika likasikika likilia chini. Tumbo likatuna. Likatuna kushoto, likatuna kulia. Tambo alipogeuka, wanyama wakafanya njia wenyewe. Minong'ono ikatembea kiwanjani, na Nyegere, yule mwenye uso wa mlango, akamtazama Chuma wake, kisha akatazama chini. Mwinyimvua akaona. Moyo wake ukacheza ngoma. Akaingia uwanjani kifua mbele, akampanga fahali wake miguu minne, shingo juu, kama alivyomfunza.

Korongo akanyoosha bawa kuita wa kwanza mizanini.

Mara, katikati ya uwanja, jiwe moja likakohoa.

Watu wakatazama. Jiwe likatoa kichwa. Alikuwa Shehe Kobe. Mwaka uliopita, dua ilipokwisha na watu wakarudi makwao, yeye aliona kwamba kwenda na kurudi ni kupoteza miguu, akabaki palepale. Nyasi ziliota juu yake zikakauka. Leo, kwa mara ya kwanza tangu alipofunga kilemba, Shehe Kobe hakuchelewa.

Wazee wakafurahi mno. Korongo akashusha bawa lake, akainamisha shingo. Wote wakasimama kimya. Mwinyimvua akamtafuta Nguchiro kwa macho. Akaona mkia tu, nao ulikuwa ukiingia shimoni.

Shehe Kobe akaanza. Akamshukuru Mola kwa mbingu. Akatua. Akamshukuru kwa ardhi. Akatua. Akashukuru kwa nyasi, nyasi za kondeni, nyasi za bondeni, nyasi zenye miba na nyasi zisizo na miba, kila moja na haki yake ya shukrani. Ilikuwa dua nzuri. Haijapata kusomwa dua nzuri kuliko ile. Ila ndani ya Tambo, maji yalianza kutafuta njia.

Gulu.

Tambo akahamisha mguu mmoja. Mwinyimvua akamnong'oneza asimame. Akasimama.

Shehe akapanda safinani. Akamtaja ng'ombe wa kwanza, na sifa zake, na mwanawe, na mwana wa mwanawe.

Gulu gulu.

Tambo akafumba jicho moja. Mwinyimvua akatokwa na jasho sikioni. Kumtoa ni kujitoa. Kubaki ni kubaki na maji. Akajisogeza karibu na Shehe, akamwomba kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, kama ingewezekana kuruka karne moja au mbili.

"Mwanangu," akasema Shehe Kobe kwa upole, "hawa ni mababu za ng'ombe wako. Nimwache nani?"

Akarudi kuanzia alipokatizwa, na ili asikosee, akaanzia safinani.

Tambo akafumba na jicho la pili. Akainua mkia.

Shwaaaa!

Wallahi, hamjaona. Ikashuka kama mlango wa bwawa umefunguliwa. Shwaa, mbele. Shwaa, nyuma. Uwanja ukawa mto. Fisi wa safu ya nyuma wakawa wa safu ya majini. Nyani wakajua kwa nini Mungu aliumba miti. Korongo akainua mguu mmoja, kisha akakumbuka kwamba mguu wa pili nao ni wake. Na Shehe Kobe akaelea, taratibu, tumbo juu, mikono imeinuliwa, akiendelea na nasaba, akipita mbele ya watu, na kila alipopita, watu wakaitikia amina.

Na Tambo akawa anapungua! Mbele ya macho yao! Upande wa kushoto ukarudi, upande wa kulia ukarudi, mpaka akabaki fahali yule yule wa nyumbani, amefumbua macho, amestarehe.

Mwinyimvua alikuwa amesimama katikati ya mto ule, mkia wake ameunyanyua juu, wima, usilowe. Hakuwa na kingine cha kuokoa.

Watu walicheka. Walicheka mpaka mwamba wa mbali ukarudisha kicheko. Kisha Korongo akamwita Tambo mizanini, na kicheko kikakatika. Alimpapasa mgongo kwa mdomo wake mrefu. Akapapasa kiuno. Akapapasa paja. Akampandisha ubaoni, mtupu wa maji, na magunia yakaruka juu. Akamshusha. Akampandisha Chuma. Magunia yakatikisika tu.

"Nyama yake mwenyewe ilitosha kushinda," akasema Korongo. "Lakini aliyeingia na maji ametoka na maji. Bonde ni la Nyegere."

Hapo Mwinyimvua ndipo alipolia. Kushindwa na mkubwa si aibu. Alishindwa naye alikuwa ameshinda.

Fisi wakaanza kusogea, taratibu, wakilizunguka kundi la Mwinyimvua kwa macho. Fisi huyu akachagua ng'ombe huyu, Fisi yule akachagua yule. Bi Rehani akaja, akasimama kando ya mumewe topeni. Hakumkumbusha la alfajiri. Alisema neno moja tu.

"Kiburi chako au ng'ombe wa babu yako. Hapa utarudi na kimoja."

Mwinyimvua akatazama kundi. Akatazama watoto. Akatembea mpaka mbele ya Nyegere, na mbele ya uwanja mzima akapiga magoti ya mbele, pua topeni. Akasema kwamba alimwogopa Chuma, akasahau kumtazama Tambo. Akasema kwamba ametaka kuiba kilichokuwa tayari ni chake. Akaomba nyasi, si kwa ajili yake, kwa ajili ya ng'ombe.

Nyegere alimtazama pale topeni. Uso ulifungwa. Kisha bawaba moja ikalegea. Mdomo ukatetemeka. Na Nyegere, mbele ya walimwengu, akacheka mpaka akaanguka ubavu, akashika tumbo, akawa anapiga matope kwa makucha.

"Jirani," akasema alipopata pumzi, "bonde ni pana kuliko fahali wangu. Walete wote. Lakini wewe mwenyewe ukija kula majani yangu, uje kwa magoti hayo hayo, nisije nikasahau kicheko hiki."

Basi Fisi wakaondoka midomo mitupu. Kiangazi kikaja, kikapita, na makundi mawili yakanywa chemchemi moja. Ndama waliozaliwa mwaka ule walikuwa na nundu ya Tambo na miguu ya Chuma, na hakuna aliyebishana ni wa nani.

Na tangu siku ile hata leo, ukimwona ngiri anakula, utamkuta amepiga magoti. Na ukimwona anakimbia, utaona mkia wake umesimama wima kama mlingoti, akiuokoa na maji ambayo wengine hawayaoni.

Fundisho lake, wakubwa na wadogo, ni hili: neema uliyopewa ikiwa imetimia, usiitie hila. Mwenye kuitia hila neema yake huipoteza kwa mikono yake mwenyewe, na mlango wa kuirudia ni mfupi, haupitiki ila kwa magoti.

Hadithi yangu imefika zizini, nami nimeshindika mlango. Mola awajaze kheri mliosikiliza. Mazizi yenu yasiwe matupu, visima vyenu visikauke, majirani zenu wawe wepesi wa kucheka na wepesi wa kusamehe, na kila mlicholea kwa haki kiwe na uzito wake wa haki siku ya mizani. Amina.