Shubiri Moja ya Njia

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika zama zilizopita palikuwa na mji mdogo wa pwani ukiitwa Mtungwi. Ulikuwa mji wa msikiti mmoja na visima viwili, umezungukwa na ukuta, na watu wake waliishi kwa nafasi mpaka ulipofika mwaka ambao visima vya mji jirani viligeuka chumvi. Watu wa mji ule walihamia Mtungwi pamoja na vyombo vyao na wazee wao. Wenyeji waliwapokea kama inavyowapasa waumini. Lakini baada ya miaka mitatu chumba kimoja kilikuwa kikilaliwa na watu wanane, moshi wa jiko la huyu ukiingia kwa mgonjwa wa yule, na safu za sala ya Ijumaa zikitoka nje mpaka juani.

Wazee wakakutana na kadhi wao, Sheikh Sirajudini, mtu mcha Mungu na mwenye maneno machache. Wakakubaliana kufungua mtaa mpya nje ya ukuta, upande wa kaskazini. Kadhi alishikilia mambo mawili. Kwanza, kabla ya mtu yeyote kupewa kiwanja, patengwe mahali pa msikiti, pa kisima na pa makaburi. Pili, njia ziwe na upana wa dhiraa saba, dhiraa ikiwa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa kufuata yaliyopokewa kutoka kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuhusu watu wanaokhitilafiana juu ya njia. Tena njia kuu inyooke kuelekea porini, ili watakaokuja miaka ya mbele waiendeleze pale ilipoishia, pasiwe na ugomvi.

Kazi ya kupima alipewa Fundi Shekue, mwashi aliyejulikana kwa mkono wake na kwa dini yake. Alisokota kamba mpya ya makumbi, akaipimia kwa fimbo ya dhiraa iliyotunzwa msikitini, akaitia mafundo. Kwa siku kumi na mbili alikwenda nayo huku na huku akichomeka vigingi, na watu wakimfuata nyuma wakiulizana nani atakuwa jirani ya nani.

Katika waliopata viwanja alikuwamo mwanamke mjane aitwaye Bi Somoe, mshonaji wa kofia, aliyekuja na wahamiaji akiwa na mama mkwe wake kipofu. Kiwanja chake kilikuwa cha kwanza kwenye pembe ya njia kuu. Mkabala wake Fundi Shekue alipata kiwanja cha binti yake, Mwanaiki, aliyekuwa amekwisha kuchumbiwa. Nyumba hizo mbili ndizo zilizotangulia kusimama. Viwanja vilivyofuata vilikuwa bado vichaka.

Ikawa siku moja akafariki mama wa Bwana Twalibu, mfanyabiashara wa boriti na mmoja wa wakubwa wa mji. Jeneza lilipitishwa njia kuu kwenda makaburi mapya. Watu walikuwa wengi, wakipokezana kubeba, kila mmoja akitaka thawabu. Walipofika kwenye pembe wakasongamana, mbebaji mmoja akajikwaa kwenye baraza ya Bi Somoe, na jeneza likainama. Mwili haukuanguka, lakini sanda ilionekana. Bwana Twalibu aliiona kwa macho yake.

Baada ya maziko hakwenda nyumbani. Alichukua fimbo ya msikitini akarudi pale pembeni, akapima njia mbele ya watu. Ikatoka dhiraa sita na shubiri moja. Dhiraa ni shubiri mbili, kwa hiyo njia ilipungua shubiri moja.

"Huyu mwanamke ameila njia," akasema. "Mama yangu amevunjiwa heshima kwa sababu ya baraza ya mtu."

Hakuna aliyeitazama nyumba ya upande wa pili, kwa kuwa ile ilijengwa na mpimaji mwenyewe.

Kadhi akawaita. Bi Somoe alisimama akiwa amejifunika shela yake, akasema, "Kadhi wetu, nilijenga juu ya vigingi nilivyowekewa. Sikuongeza hata kidole."

"Unao mashahidi?"

"Vigingi viko chini ya msingi. Walionisaidia ni watu wa kwetu, nao wameshakwenda kutafuta maisha kwingine. Mama mkwe wangu yupo, lakini haoni."

Kadhi akamgeukia Fundi Shekue. "Njia hii uliipima dhiraa ngapi?"

"Saba," akajibu Fundi, na kwa ujuzi wake wa siku ile alikuwa akisema kweli.

Kadhi akahukumu kwamba Bi Somoe aondoe baraza na ukuta wa mbele, arudi nyuma shubiri moja, na akampa mwezi mmoja. Bi Somoe akasema tena kwamba hakuongeza, akaenda zake. Kesho yake asubuhi, alipomaliza kumpa mama mkwe wake uji, akaanza kuubomoa ukuta kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe, akiyapanga mawe mazima upande mmoja. Jirani zake walisikia yule bibi kizee akiuliza ndani, "Mwanangu, mbona leo upepo unanifikia?" Naye akamjibu, "Natengeneza mbele, mama. Vumilia kidogo."

Siku ya tisa baada ya hukumu, Fundi Shekue alikuwa upande wa mwisho wa mtaa akipima chumba cha msikiti mpya. Mvua ilinyesha, kamba yake ikalowa. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya msikiti alitaka kuhakikisha, akaenda kuazima ile fimbo ya msikitini, akaiweka kando ya kamba. Mafundo hayakulingana na fimbo. Kamba ilikuwa imenywea kwa kulowa, na kila dhiraa saba ilikuwa imepungua shubiri moja.

Alikaa chini pale pale kwenye tope. Alikumbuka vizuri. Siku ile ya njia kuu alikuwa ameuweka mstari wa Bi Somoe asubuhi, jua likiwaka. Mvua ilikuja, akajikinga, kisha akavuka na kamba iliyolowa kwenda kuweka mstari wa pili. Ule mstari wa pili ndio uliokuwa mbele ya nyumba ya binti yake.

Alirudi nyumbani, hakula. Kwa siku tatu hakumwambia mtu. Inasemekana katika siku hizo alisali sala zake zote msikitini na hakupata ladha hata katika moja. Njia ya kwenda kazini ilimpitisha kwenye ile pembe, na siku ya tatu Bi Somoe akamsimamisha.

"Fundi, samahani. Jiwe hili la pembeni limebeba boriti ya chumba cha mama. Nianze kulitoa juu au ubavuni?"

Akamwonyesha aanze wapi na aegemeze nini. Bi Somoe akamshukuru na kumuombea dua. Fundi aliondoka, lakini hakufika kazini. Alirudi kwa binti yake akamweleza yote.

Mwanaiki alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwema, tena alikuwa akiisubiri harusi yake. "Baba," akasema, "nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Bi Somoe ameshabomoa zaidi ya nusu. Mwache amalize. Kisha wewe mjengee ukuta mwingine, mzuri kuliko ule, na baraza ya chokaa. Hatakuwa amepoteza kitu, na jina lako litasalimika."

Shauri hili lilimwingia Fundi moyoni, maana lilifanana na wema. Alilifikiria mpaka adhana ya alasiri. Kisha akasema, "Mawe nitamrudishia, mwanangu. Na lile neno lililosemwa mjini, kwamba ameila njia? Kesho akipita sokoni watamwita mwizi wa njia, na mimi nitakuwa nimemjengea baraza ya kukalia wakati anaitwa hivyo. Tena mstari wetu ndio wataufuata wenye nyumba zijazo, na watoto wao baada yao. Mji wote utakua juu ya uongo wangu."

Mwanaiki akalia. Baadaye akasema, "Nenda, Baba, kabla sijapata maneno mengine ya kukuzuia."

Fundi Shekue akaenda msikitini. Watu walikuwa wamemaliza sala. Akasimama mbele ya kadhi akaomba ruhusa ya kusema, akasema jambo lake lote, pamoja na zile siku tatu za kunyamaza. Watu wengine hawakumsadiki. Walidhani anamhurumia mjane. Basi akaomba fimbo. Akainyoosha kamba iliyokauka sakafuni, ikalingana na fimbo. Akaitumbukiza katika birika la udhu, akaiacha kwa muda, akaitoa na kuinyoosha tena. Wakaona wenyewe.

Bwana Twalibu alikuwa safu ya mbele. Aliitazama ile kamba kwa muda mrefu.

Mzee mmoja, kwa nia njema, akasema, "Shubiri moja si kitu. Hukumu ifutwe, nyumba zote mbili zibaki, tuiache njia ilivyo. Kuna haja gani ya kubomoa?"

Fundi akajibu, "Jeneza limekwisha kuinama, nanyi mmeona. Na sasa tuko nyumba mbili tu. Watakapokuwa mia, nani atakayebomoa?"

Kadhi Sirajudini aliinamisha kichwa. Akasema, "Nami nilimuuliza mpimaji, sikukiuliza kipimo. Kosa la Fundi ni la mvua, langu ni la haraka." Akainuka, akatoka na watu wakamfuata mpaka kwenye pembe ya njia. Bi Somoe alikuwa amejaa vumbi la chokaa, kikapu kikiwa kichwani. Kadhi akamwambia mbele ya wote kwamba hukumu imefutwa na kwamba yeye hakuchukua kitu. Bi Somoe akatua kikapu.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akauliza kama anaweza kuanza kurudisha mawe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa amepata kikohozi.

Kesho yake Fundi Shekue aliuvunja ukuta wa mbele wa nyumba ya binti yake, na harusi ikasogezwa miezi minne. Bwana Twalibu alileta boriti na watu wake kumjengea Bi Somoe. Alimwomba radhi, naye akamwambia alikuwa amemsamehe tangu siku ya maziko, kwa kuwa aliyefiwa na mama hapimi maneno.

Baadhi ya wanawake walimuuliza kwa nini hakupiga kelele wala kuapiza. Akajibu, "Nilisema kweli mara mbili. Ningesema mara kumi isingekuwa kweli zaidi, ningekuwa nagombea ushindi tu. Nilikuwa na ukuta wa kubomoa na mzee wa kumtunza."

Fundi aliwaomba wazee wamwondoe katika kazi ya kupima. Wapo waliotaka aondoke. Kadhi alikataa, akasema yeye hamjui mpimaji mwingine ambaye kosa lake limejulikana lote. Akamwekea sharti moja, kwamba kila njia mpya ipimwe kwa kamba kavu na mtu wa pili ashike ncha ya upande mwingine. Fundi akamchagua Bi Somoe. Wakaifanya kazi hiyo pamoja kwa miaka kumi na mmoja, mpaka Bi Somoe alipofariki, Allah amrehemu. Jeneza lake lilipita njia kuu katikati ya nyumba nyingi, na wabebaji wakageuka kwenye pembe bila kuguswa na ukuta.

Ndugu zangu, tunapofungua mitaa mipya tunauliza sana maji yatatoka wapi na nani apewe kiwanja gani, na ni haki kuuliza. Lakini mji wa Mtungwi ulikaribia kuharibika kwa mtu mwema aliyenyamaza siku tatu, na ukatengenea pale aliposimama kusema. Kila mmoja wetu amekwisha kupima kitu ambacho wengine watajenga juu yake. Mwenyezi Mungu atupe ushujaa wa kurudi na fimbo, hata kama ukuta utakaoanguka ni wetu.