Fisi na Sentensi Mama

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha kufuru. Mito ilikauka, mijusi wakawa wanaazimana kivuli, na chemchemi pekee iliyosalia ilikuwa mlangoni kwa Simba. Kila asubuhi wanyama walimwendea kwa pamoja, kila mmoja akililia lake, mpaka kichwa cha mfalme kikamuuma.

"Kelele!" Simba akanguruma. "Anayetaka maji alete ombi la maandishi. Aya moja, jambo moja. Nisipoelewa, hanywi mtu."

Sungura, mjanja wa siku zote, akafungua darasa kando ya kichuguu. Wanafunzi waliandika kwa miiba juu ya majani makavu ya mkuyu.

"Aya ni nyumba," alifundisha. "Kwanza huingia mama, sentensi inayobeba jambo lenyewe. Huyo mwandikeni kwenye jani pana. Kisha watoto, wanaomweleza mama yao, kwenye majani madogo. Mwishoni mnafunga mlango. Na nyumba moja, mama mmoja! Umesikia, Fisi?"

"Nimesikia, Mwalimu," akajibu Fisi, macho yakiwa kwenye majani ya wenzake.

Kiu ilikuwa imemkausha ulimi, maskini, lakini tabia haina dawa. Alipoona jani dogo na jani kubwa, roho yake iliangukia kubwa. Watoto wa nini? Mnofu wote si uko kwa mama? Basi wenzake walipokwenda kupunga upepo, akazoa majani mapana matatu, la Pundamilia, la Kobe na la Twiga, akatimua mbio hadi kwa Simba huku akicheka peke yake. Na ombi moja lenye mama watatu, alijiambia, litalipwa pipa zima!

"Mbona peke yako?" Simba akauliza.

"Wenzangu wazembe, Mfalme. Bado wanatafutatafuta."

Hapo hakusema uongo.

Fisi akakohoa, akasoma kwa madaha: "Mimi ni mama ninayenyonyesha na maziwa yamekauka. Gamba langu limepata moto, limekuwa kikaango. Shingo yangu ni ndefu mno, mate hayafiki chini."

Akafumba macho akisubiri kusikia maji yakimiminwa. Hakusikia kitu. Alipoyafumbua, Simba alikuwa amesimama.

"Nani mama hapa?"

"Ni... ni mimi, Mfalme."

"Gamba liko wapi?"

Fisi akajipapasa mgongo. "Liko ndani."

"Na shingo ndefu?"

"Nayo iko ndani," akasema Fisi kwa sauti ndogo, akajua papo hapo kwamba ameharibu.

"Ndani!" Simba akanguruma hadi maji ya chemchemi yakatikisika. "Umemla mama anayenyonyesha, ukamla mwenye gamba, ukamla mwenye shingo! Kisha unanijia mimi nikupe maji ya kushushia?"

Fisi alitetemeka mpaka madoa yakataka kumwanguka. "Sijawala, Mfalme! Haki ya Mungu sijawala! Nimewaibia tu!"

Wakati huohuo Sungura akatokea na wanafunzi wake, kila mmoja akiwa na majani madogo mkononi.

"Wale pale!" Fisi akapiga kelele kwa furaha. "Wazima wote! Si nilisema?"

"Mwizi wewe! Huyo mama ni wangu," akafoka Pundamilia, akamnyang'anya jani. Kobe akachukua lake, Twiga akainama akachukua lake. Kila mmoja akapanga mama na watoto, akasoma, Simba akaelewa, wakanywa wakashiba. Fisi alibaki mikono mitupu, akimeza mate ambayo hayakuwapo.

"Hukumu yako," Simba akasema, "ni kuandika aya moja, yako mwenyewe. Ukiimaliza, unywe."

Fisi akakaa mbele ya Sungura, akaandika polepole: Nina kiu. Ulimi wangu umekauka. Tangu juzi nalamba mawe.

"Vizuri sana!" Sungura akasema, naye kweli alishangaa. "Sasa funga mlango tu."

Fisi akainua mwiba. Upepo ukapita, ukaleta harufu ya mfupa kutoka mbali. Akaandika: Pia, Mfalme, kuhusu suala la mifupa...

"Huyo ni mama wa pili!" Sungura akasema, akalifuta jani lote. Fisi akaanza upya, na chemchemi ikabubujika palepale mbele ya pua yake.

Wahenga walisema: mtaka yote hukosa yote.