Mkumba Alale kwa Nani?

Sogeeni. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii mimi mwenyewe inaninyima usingizi.

Watoto watatu walipelekwa bondeni kuamia ndege wasile mpunga. Pazi alijua moto. Hata kuni mbichi zilimtii. Zamda alijua mizizi na majani ya kuliwa. Tabu alikuwa na sikio kali. Mgongoni Zamda alimbeba Mkumba, mtoto wa jirani, ndiyo kwanza anajifunza kusema. Mto ukafurika, ukawatupa ng'ambo, msituni.

Pazi akawasha moto, Mkumba asife baridi. Mvua ilipouzima, aliwalaza shimoni wamerundikana kama watoto wa mbwa. Nguo zikaoza. Wakazoea.

Zamda akachimba ming'oko, mizizi ya porini, Mkumba asife njaa. Ilipokwisha, akatafuna samaki wabichi na kumtilia mtoto kinywani. Mwanzoni walitapika, baadaye wakagombea vichwa.

Tabu alisikia chui akizunguka. "Shh! Tukisema, ataliwa mtoto." Wakaacha kusema usiku, kisha hata mchana.

Siku moja ukaja mtumbwi. "Mkumba!" mama yake aliita. "Mkumba!" Kisha kwikwi ikamkaba. Watoto wakangoja. Kwao walifunzwa kwamba msituni mtu haitiki mpaka aitwe mara ya tatu, kwani shetani huita mara mbili tu.

Mtumbwi ukaanza kugeuka. Hapo watatu wakavunja mwiko, wakapaza sauti pamoja, lakini haikutoka sauti ya watu. Mpiga kasia akainua mkuki.

"Acha!" mama akapiga kelele. "Fisi gani ananyoosha kidole?"

Wakaokolewa. Mama alipomkumbatia mwanawe, Mkumba akamng'ata.

Sasa hali chakula asichotafuniwa na Zamda. Hapati usingizi bila mgongo wa Pazi. Hatulii bila "shh" ya Tabu. Na bonde limeharibiwa na mafuriko. Kesho wazazi wa watatu hawa wanahama, kila mmoja anakwenda kijiji chake.

"Mmoja wenu amchukue," mama amesema, machozi yanamtoka. "Kwangu atakufa."

"Mimi, mama. Nilimpa joto," Pazi akasema.

"Nilimlisha mimi!" Zamda akasema.

Tabu akanong'ona, "Mimi ndiye niliyemnyang'anya maneno. Niacheni nimrudishie."

Watatu walimwokoa, na watatu hao hao ndio waliomfanya alivyo. Je, wewe ungemkabidhi nani? Na ukisema abaki kwa aliyemzaa, sawa. Basi nenda wewe ukamfungue kamba aliyofungwa na mama yake nguzoni asirudi msituni.