Shamba la Mama Lililoota Nusu

Mbegu uliyoiombea usiifukue. Juzi niliposema hivyo tukiwa tunakula, ninyi wanangu mkaniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo. Niliyatoa kwa bibi yenu, mama yangu, aliyeitwa Mama Lameki kwa jina la kaka yetu mkubwa. Yalianza hivi.

Kwetu Ugogo mvua ni chache, kwa hiyo watu hawaingojei. Mtama hupandwa ardhi ikiwa bado kavu, ili mvua ya kwanza iukute umo ardhini. Mtu anachimba vishimo kwa jembe dogo, anatia punje tano tano, kisha anafukia kwa unyayo. Sisi watoto tuliipenda sana kazi ya kufukia. Vumbi lilikuwa la moto, tunarukaruka kama kuku, na mama anatuambia, "Kanyageni taratibu, hicho mnachofunika ni chakula."

Kabla ya kupanda, mbegu zilipelekwa kanisani. Kila mama na kibuyu chake. Mchungaji anaziombea, halafu kila mmoja anasema kwa kinywa chake, "Bwana, nakukabidhi." Hata harufu ya kanisa lile naikumbuka, mtama mkavu na mafuta ya kujipaka. Tangu nihamie huku mjini sijaisikia tena.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu. Mama alisema "nakukabidhi" kwa sauti kubwa kuliko wote, maana baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mtama wa kibuyuni ndio uliobaki nyumbani. Tukapanda. Wiki ya kwanza hakuna wingu. Ya pili hakuna. Ya tatu mama akaacha kula, anatuachia sisi. Kila asubuhi anapiga magoti, anaomba vizuri kabisa, kisha anakwenda shambani kuchungulia vishimo. Siku moja akakuta sisimizi wamebeba punje zote za kishimo kimoja. Akarudi nyumbani kuchukua jembe na ungo.

Shamba letu lilipakana na la Mama Loisi, mjane aliyewaongoza akina mama kanisani. Yeye alishinda shambani kwake akifukuza kanga na kuimba. Akamwona mama ameinama.

"Mama Lameki, umepoteza nini huko chini?"

"Sijapoteza. Natoa mtama wangu kabla sisimizi hawajaumaliza."

"Si ulimkabidhi Mungu?"

"Nilimkabidhi. Lakini wanaolia njaa wako kwangu, dada, hawako kwake."

"Basi hukumkabidhi. Ulimwazima tu."

"Wewe wako wameshakua. Kuimba ni rahisi."

Mama Loisi hakukasirika. "Kweli wamekua. Na walipokuwa wadogo nilipanda hivi hivi, nikaogopa hivi hivi. Ogopa, mwenzangu, lakini mikono itulize. Kama ni sisimizi, njoo tumwage majivu."

Mama akainama tena. Akafukua mstari kwa mstari mpaka jua likamshinda, akiwa amemaliza nusu ya shamba. Ule mtama tukausaga, tukala uji mzito siku tatu. Nasema kweli, ulikuwa mtamu.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Watu wakatoka nje kulowana, Mama Loisi akajifunga khanga kiunoni akacheza. Mama alisimama mlangoni tu. Mbegu ya kurudishia haikuwepo. Tulikuwa tumeila.

Baada ya wiki moja upande mmoja wa shamba ulikuwa kijani, mistari imenyooka. Upande wa pili ni udongo mwekundu mtupu. Na njia ya kwenda kanisani ilipita hapo hapo. Hakuna aliyemcheka mama usoni, ila mimi nilitamani tupite kwingine. Jumapili moja akina mama wakasimama pale, wakatazama. Mama mwenyewe akanyoosha mkono.

"Msione haya kuuliza. Huku niliomba, na huku niliomba vile vile. Huku tu ndiko nilikofukua. Mbegu uliyoiombea usiifukue, jamani."

Akacheka, nao wakacheka naye, wakaenda kanisani wameshikana mikono. Tangu siku hiyo watu wakawa wanasema hivyo hata kwenye mambo yasiyo ya shamba.

Lakini mtama wa nusu shamba haukufika mwaka. Mdogo wangu Damari, miaka mitano, alipelekwa kwa shangazi kule Mpwapwa apate kula, akakulia huko huko. Ndiyo maana akija hapa anabisha hodi na kungoja kama mgeni, na kuniita "mwenyeji wangu". Ninyi mnadhani ni utani.

Wanangu, mimi nina mikono ya mama yangu. Naogopa upesi, na ninyi nawaona mmerithi. Asubuhi mnaomba, mchana mko kwa nabii wa mafuta na chumvi ya upako anayewaahidi majibu kabla ya Ijumaa. Sikatazi mtu kuogopa, wala sisemi akae bure. Lakini mbegu uliyoiombea usiifukue.