Sukari ya Bi Thuweba

Kinachong'olewa kila mwezi husahau kuota.

Mmeisikia mkacheka, mkadhani ni habari ya magugu. Sivyo. Methali hii ilianza hivi, kwenye ugomvi wa sukari pale Wete, mtaa mzima umetega masikio.

“Umeniunguzia sukari,” Mize alikuwa akisema, ameketi kwenye jamvi uani kwa jirani yake. “Haishiki kitu. Hata siumii.”

Bi Thuweba, aliyekuwa akiwang'oa nywele wanawake wa mtaa ule kwa sukari iliyochemshwa na ndimu tangu ujana wake, alimjibu kwamba sukari ni ileile, na kama hakuridhika akanyolewe kwa wembe kama kondoo. Waliongoja zamu wakacheka. Mize akamwita mama wa watu mchoyo, akaongeza na mengine ambayo siyarudii.

Hasira ile haikuwa ya sukari. Nyumba aliyokaa Mize ilikuwa urithi wa baba yake, na kila alipogombana na mumewe, Shaame fundi cherehani, alimtolea mfuko wa nguo barazani, amwambie arudi kwa mama yake. Haukupita mwezi bila mfuko kutoka. Siku ya tatu Shaame hurudi na mjomba wake kuomba radhi, hata kosa likiwa si lake. Kwa hiyo siku ya pili Mize huenda kung'olewa nywele za mikono na miguu, mume amkute laini. Miaka sita ulikuwa mtindo huo. Safari hii hakuwahi kwenda siku ya pili; ya tatu ilipita bila Shaame, na leo ilikuwa ya tisa. Aliyajua waliyokuwa wakinong'ona wale wanawake.

Mara Shaame huyo, anasukuma mkokoteni, peke yake. Mize alimkimbilia mlangoni pa nyumba yake, sukari ingali mkononi.

“Mjomba yuko wapi?”

“Sikumwambia. Nimefuata cherehani tu.”

“Nigombeze basi, Shaame. Nitukane.”

“Kwa lipi? Mara ya kwanza uliponitoa, sikula siku mbili. Baadaye nikawa nalia kwa mama, mtu mzima mimi. Mara hii nilipouchukua mfuko nilijisikiliza nione panauma wapi. Hapakuuma.”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza Mize. Angemfokea, angejua la kujibu. Shaame alifunga cherehani kwa kamba, akawaaga majirani mmoja mmoja, akaenda zake.

Mize alirudi uani akakaa palepale. Hakuna aliyecheka. Bi Thuweba aliushika mkono wake, akaugeuzia mwangani.

“Mwaka wa kwanza zilikuwa nene kama uzi, nikivuta unalia. Wembe hukata juu, mzizi ukabaki. Mimi nang'oa na mzizi. Zikaanza kurudi nyembamba, zikarudi chache, hapa na hapa hazirudi tena. Sukari haina kosa, mwanangu. Kinachong'olewa kila mwezi husahau kuota.”

Mize aliuliza, kwa sauti isiyofika mbali, kama akiziacha mwaka mzima zitarudi.

“Nyingine hurudi,” alisema Bi Thuweba. Akaupapasa ule mkono tangu kiwiko hadi kiganja, akitafuta. “Hizi sijui.”

Akaifunika sufuria ya sukari, akamshika Mize kwapani kumwinua.

“Usiende kwenye nyumba ile sasa hivi. Ingia ndani, nimepika muhogo wa nazi. Njoo ule.”